Shati Nililolifukiza Siku ya Mashine ya Maziwa

Siku hizi mkinikuta soko la maziwa nimevaa nikabu msinipongeze kwa ucha Mungu, najificha. Nasema mapema ili mjue mnasoma habari za mtu wa aina gani. Aibu niliyoipata pale chuoni ilinitosha mimi, mama yangu, na wajukuu ambao bado sijawapata, na ningenyamaza nayo mpaka kaburini kama watu wa Garissa wangekuwa na uwezo wa kunyamaza, lakini hawana, tayari inasimuliwa kwenye kila kibanda cha chai, tena vibaya: nimesikia kwamba nilivunja mashine kwa jiwe (sikuvunja kitu), kwamba nilimvua mwanamke mwenzangu mtandio (uongo mtupu, hata kidole sikumgusa), na kwamba mume wangu alinipa talaka palepale mbele ya kamera. Basi acha niseme mwenyewe, angalau nikichekwa nichekwe kwa mambo niliyoyafanya.

Mume wangu anaitwa Abdirizak, sisi tunamwita Rizak, na ni fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa mjini. Nilipoolewa, nikitoka tu kidato cha nne, nilidhani fundi wa maabara ni mtu wa kuosha chupa. Kumbe anapika unga. Unga wenyewe ni mweupe, oksidi ya zinki (ileile iliyomo kwenye losheni ya pinki tunayowapaka watoto wakitoka vipele vya joto), ila huu wao chembe zake ni ndogo kiasi kwamba ukiweka unywele pembeni yake, unywele ni gogo. Wanaupaka kwenye kigae kidogo kuliko ukucha, kigae kinaingia kwenye kisanduku, na kisanduku kinanusa maziwa ya ngamia. Kinanusa kweli, sitanii. Ukikisogezea kikombe cha maziwa yaliyoanza kuharibika kinawasha taa nyekundu na kupiga king'ora, na yakiwa mazima taa inabaki kijani, kimya. Faida yake kila mtu hapa anaielewa, maana maziwa yanatoka Balambala yamepigwa na jua njia nzima, yakifika mjini mtungi mmoja mbovu ukimiminwa kwenye pipa la ushirika pipa zima limekwenda, na kina mama wanabaki wanashutumiana nani kaleta uchafu.

Sasa utamu wote (ndivyo asemavyo yeye, macho yakimng'aa kama anasimulia arusi yake, na arusi yake niliihudhuria, hayakung'aa vile) uko kwenye kasoro. Zile chembe zina mapengo, mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa na haipo, na harufu ikija inashika palepale penye pengo. Mapengo yakiwa machache mno kisanduku kina mafua, hakisikii lolote. Yakizidi kinakuwa kichaa, kinapigia kelele kila kinachopita. Kwa hiyo unga unapikwa tanurini kwa adabu, moto unapandishwa polepole, hewa inaingizwa kwa kipimo, halafu unaachwa upoe taratibu mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu ukiufungua kabla haujapoa zile kasoro zinaganda ovyo mle ndani na kazi yote imeharibika. Ndiyo maana tanuri linalindwa kama bibi arusi.

"Kasoro si adui," aliniambia siku moja tukila. "Kazi ni kuzidhibiti tu. Uzijue, uzivumilie, uhakikishe hazizidi."

"Na zangu?"

"Zako zipi?"

"Hizo unazonihesabia hapa kila siku. Chumvi imezidi. Chai imepoa. Mtoto analia. Hizo mbona huzivumilii?"

Akacheka, akamega anjera nyingine, akaendelea kula. Sikucheka. Mwanamume anayekaa mchana kutwa akilipapasia tanuri mlango kwa upole, akirudi nyumbani upole umeisha, mkewe atacheka nini?

Na lau ingekuwa tanuri peke yake. Kulikuwa na Hodan. Msichana wa kwetu huyuhuyu, Msomali, lakini amesoma Nairobi mpaka digrii ya pili, hajaolewa, anaendesha gari mwenyewe, na ana vidole vya mtu ambaye hajawahi kusugua sufuria la nyirinyiri, ile nyama yetu ya kukausha na kukaanga. Nyumba yangu ina vyumba viwili na Hodan alikaa katika vyote viwili. Hodan anasema hewa ipunguzwe. Hodan anasema safari hii unga umetoka vizuri. Hodan kaona kwenye darubini kubwa ya Nairobi kwamba chembe zimejipanga sawa. Mimi nikisema gesi imeisha, "Mmh." Hodan akisema gesi imeisha (wana gesi yao kule, ya mitungi mirefu), mtu anavaa viatu anatoka mbio. Mwanangu Hafsa, ambaye maneno aliyokuwa nayo yote yalikuwa "aabo", yaani baba, na "maji", siku moja alishika kijiko akakisogeza sikioni kama simu, akasema, "Hodan?" Nilikitazama kile kijiko nikajua hapa pana mke mwenza bila mahari.

Lakini kilichonipasua hasa ni habari ya unsi. Wasiotujua niwaeleze: mwanamke wa kwetu anapika unsi mwenyewe, ubani na sukari na marashi, kila nyumba na siri yake, halafu anautia kwenye chetezo chenye makaa na kufukiza nyumba, nywele, na nguo za mumewe. Mume akipita mtaani ananukia nyumbani kwake. Ni kama kumwandika jina. Mama yangu alinifundisha unsi wake kabla hajanifundisha kupika wali. Sasa Rizak anakuja siku moja, anasimama mlangoni, ananiambia, "Mama Hafsa, nguo zangu za kazini usizifukize tena."

"Kwa nini?"

"Harufu inashika kwenye vile vigae. Mashine inasikia marashi kama inavyosikia maziwa mabovu. Inatuharibia vipimo."

"Nani kasema?"

Na yeye, maskini, hajui kudanganya, akajibu, "Hodan."

Haya, niambieni nyinyi. Ningefikiri nini? Mwanamke mwingine ananusa shati la mume wangu, anakuta mimi nimo ndani yake, anaamuru nitolewe. Nikamwambia shoga yangu, akasema mume anayekataa moshi wa mkewe ana moshi mwingine mahali. Nikaona huyo ndiye mtu mwenye akili Garissa nzima. Hata hivyo nilitii. Nikawa nafua zile nguo kwa sabuni ya kipande, zinakauka zinanuka kama za mwanafunzi wa bweni, anazivaa anaondoka na furaha zake.

Ikafika siku ya kuionyesha mashine kwa watu. Chuo kiliwaita kina mama wa ushirika wa maziwa na wakubwa kutoka ofisi za kaunti, na Rizak ndiye angesimama mbele ayapime maziwa, kwa sababu mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha, na mkuu wao, mzee mmoja wa kutoka bara wanayemwita Daktari tu, alimwambia waziwazi kwamba siku hiyo ikienda vizuri atabaki na mradi, ikienda vibaya wafadhili watafunga mfuko na kila mtu atakwenda kwao. Hayo niliyajua. Msije mkaniambia sikuyajua. Tungerudi Hulugho kwa wazazi wake tukachunge mbuzi wa baba mkwe, nami mbuzi hatupatani.

Usiku wa kuamkia siku hiyo simu yake ilikuwa imewekwa sauti ya juu juu ya meza, anapiga pasi, na Hodan anasema mle ndani, "Vaa lile jeupe, Rizak. Linakukaa vizuri, na kutakuwa na picha."

Linakukaa vizuri! Shati nililomnunulia mimi Idi! Nilikuwa nimempakata mtoto, nikambana mpaka akalia.

Asubuhi yake Rizak alivaa fulana ili jeupe lisishike vumbi njiani, akaenda kuoga... hapana, aliingia kuoga kwanza, shati limetundikwa mlangoni, nami nikaamua lile jambo dogo. Kwa kweli lilikuwa dogo. Makaa yalikuwa bado yanawaka ya chai. Nikatia unsi kwenye chetezo, tena ule mzuri niliouweka kwa ajili ya arusi ya mdogo wangu, nikalifunika shati juu yake kama hema mpaka moshi ukatokea kwenye kola. Nilisema moyoni: acha anuse vizuri, huyo wa digrii mbili, ajue shati lina mwenyewe. Kisha nikalikunja, nikalitia kwenye mfuko wa nailoni, nikafunga fundo ili harufu isipungue. Rizak akatoka bafuni, akavaa fulana, akachukua mfuko, akaondoka kwa pikipiki. Hakusikia kitu. Pua ya mtu haisikii nyumba yake, na nyumba yangu ukuta wenyewe unanukia unsi.

Hapo ningekaa. Mtu mwenye akili angekaa, afue nepi. Lakini nikajiuliza, faida ya kumtumia mtu salamu ni nini kama hutamwona uso akiipokea? Alikuwa ameniambia nisiende ("ni kazi, si arusi," hivyo ndivyo alivyosema), na hilo nalo lilikuwa linanichoma. Nikavaa diraa langu la zambarau, nikalifukiza, nikafukiza garbasaari ya kujitanda, nikafukiza nywele, na kwa kuwa makaa bado yalikuwepo nikasimama juu ya chetezo chenyewe mpaka nikawa kama nyama ya kukausha. Nikafunga chakula cha mchana cha mume kwenye kontena, nikamweka Hafsa kiunoni, nikapanda tuktuk. Dereva alifungua pazia la pembeni akasema, "Hooyo, leo ni arusi ya nani?" Nikamwambia aendeshe.

Nilipofika ukumbini shughuli ilikuwa imeanza. Nikasimama nyuma kabisa, mlangoni, nyuma ya wazee wa kaunti. Mbele kulikuwa na meza, juu ya meza kile kisanduku, ukubwa wa redio, na pembeni yake mitungi ya kina mama. Rizak amesimama katika shati jeupe, na wallahi limemkaa vizuri. Hodan alikuwa pembeni ya meza na kompyuta. Hajajipamba, hajapaka hata wanja. Nilipoona hivyo nilizidi kukasirika, maana mwanamke asiyejipamba akiwa mzuri amekutukana mara mbili.

Rizak akaeleza yote, chembe, mapengo, tanuri, kwa Kisomali na Kiswahili, watu wanatikisa vichwa. Kisha akasema, "Sasa tutaanza na maziwa mazima," akamwita Edo Halimo alete mtungi wake. Edo Halimo (edo ni shangazi) ndiye mwenyekiti wa kina mama, mjane, na heshima yake yote imo kwenye ule mtungi, maana katika miaka yote hakuna aliyewahi kumrudishia maziwa. Alikuwa ametoka Balambala na maziwa ya alfajiri hiyohiyo. Rizak akamimina kikombe, akainama kukisogeza kwenye kisanduku.

King'ora. Taa nyekundu.

Rizak akatabasamu, akarudi nyuma, kikanyamaza. Akainama tena. King'ora. Akabadilisha kikombe. King'ora. Akainama na kikombe kitupu, jamani, kikombe cha hewa, na kisanduku kikalia kama ambulensi.

"Mashini inabiga kelele ya nini?" Edo Halimo akauliza.

Mzee mmoja wa kaunti akacheka, "Inasema maziwa yako yameoza, mama."

"Imeoza? Maziwa yangu iko safi! Nimekamua na mkono hii! Waryaa, wewe kijana, unaniita mchafu mbele ya watu?"

"Hapana, Edo, subiri kidogo..."

"Nisubiri nini? Hawa wote ni wanunuzi yangu!" Na kweli wanunuzi walikuwepo, na mmoja wao alikuwa amekwishaanza kuutazama ule mtungi kwa jicho la mbali, na kina mama wengine wakaanza kuifunika mitungi yao kwa mikono kama watoto wanaotaka kunyang'anywa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa mara moja, sina haja ya digrii: alichoniambia Rizak kuhusu unsi kilikuwa kweli. Na ningesema hapohapo, naapa nilikuwa nimefungua mdomo, lakini nikamwona Hodan anamtazama Rizak. Alikuwa amekunja uso. Alikuwa anamtilia shaka. Na kitu ndani yangu, kidogo, kichafu, kikasema: ngoja, acha wagombane.

Daktari akasogea. "Kasoro zimezidi," alisema kwa sauti ya chini, ila ukumbi ulikuwa umenyamaza. "Abdirizak, hivi vigae ni vya zamu yako. Ulifungua tanuri kabla halijapoa?"

"Sikufungua, Daktari."

"Hata kidogo? Kuchungulia?"

"Sikufungua."

"Maana hii ndiyo tabia ya unga uliotolewa ungali moto."

"Wallahi sikufungua," mume wangu akasema. Aliweka mkono kifuani. Jasho lilikuwa limemlowesha shati mgongoni, na kadiri alivyotoa jasho ndivyo unsi ulivyozidi kuamka, na kisanduku, kisicho na haya, kikaanza kulia bila hata kuinamiwa.

Ndipo Hodan akainuka. Akamwendea Rizak, akasimama karibu naye, akasita. Akavuta hewa. Kisha akainamisha uso wake, mbele ya wakubwa, mbele ya kina mama, mbele yangu, akanusa kola ya mume wangu.

Sikumbuki kumweka mtoto chini. Wanasema nilimkabidhi mzee wa kaunti pamoja na chakula. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa katikati ya ukumbi nikipiga kelele, "Toa pua yako kwa mume wangu! Naa, wewe! Huna kwenu? Umesoma mpaka umefika kwenye kola za watu?"

Na kila hatua niliyopiga, kisanduku kikapandisha sauti. Sikukitambua mwanzoni, nilidhani ni damu masikioni. Nilipofika mezani kilikuwa kinalia kwa mfululizo, taa nyekundu inawaka usoni kwangu, watu wameziba masikio, na Hodan amenyoosha mkono kama polisi wa barabarani.

"Abaayo," akasema, taratibu kabisa, kama anamwita dada yake, "rudi nyuma kidogo."

"Sirudi!"

"Hatua chache tu. Tafadhali."

Nikarudi, sijui kwa nini, nadhani ni ule upole wake. Kelele zikapungua. Nikasimama. Zikatulia.

"Sasa njoo."

Nikaja. King'ora.

"Rudi."

Kimya.

Ukumbi ukaelewa wote pamoja. Lilianza cheko moja kule nyuma, la mwanamke, halafu likashika kama moto kwenye majani makavu. Wazee wa kaunti wanafuta machozi kwa vilemba. Kamera iliyoletwa kumpiga picha Rizak ilikuwa inanitazama mimi. Na Edo Halimo, ambaye dakika chache nyuma alikuwa karibu kulia, akashika kiuno akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni, "Kumbe maziwa iko safi, bibi ndiyo imeoza!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, ni simenti.

Rizak hakucheka. Alishika kola yake, akainusa mwenyewe, akaivuta tena, na nikaona inamwingia.

"Mama Hafsa. Ulilifukiza shati?"

Ningeweza kukataa. Kwamba mimi nanukia, hilo lilikuwa wazi, lakini shati lingeweza kuwa limeshika harufu nyumbani tu. Daktari alikuwa bado anamtazama, swali la tanuri bado liko palepale, na mkataba uko mfukoni mwa Daktari.

"Nililifukiza," nikasema. "Leo asubuhi, kwa makusudi. Yeye hajui. Tanuri hajafungua mtu."

"Kwa nini?" Daktari akauliza, na alikuwa anauliza kama mtu wa sayansi, anataka kujua kweli.

Nikamnyooshea Hodan kidole. Kicheko kikaanza upya.

Yaliyofuata nayasema haraka. Madirisha yalifunguliwa yote. Kisanduku kikazimwa, kikawashwa, kikaachwa kipumue hewa safi. Rizak alivuliwa lile shati, likafungwa kwenye mfuko wake na kupelekwa mbali kama bomu, na yeye akapewa ovaroli ya mfagiaji, fupi, inaishia juu ya vifundo vya miguu. Nami nikatolewa nje. Hodan mwenyewe alinionyesha pa kukaa, akaangalia vumbi linakoelekea, akasema, "Huku, abaayo, upepo usikurudishe ndani." Nikakaa upande huo juani, karibu na ngamia wawili waliofungwa kwenye uzio, na hata hao mmoja alipiga chafya.

Nikasikiliza kupitia dirishani. Mzee mmoja aliuliza kama moshi wa mitungi yetu hautaisumbua mashine (maana mitungi ya maziwa nayo tunaifukiza, kwa vijiti, yasiharibike haraka), na Hodan akamjibu kwamba moshi wa vijiti wameipimia muda mrefu, imeuzoea, ila unsi wenye marashi ya kiwango kile hawakuwahi kuufikiria. "Tumeongeza jambo kwenye utafiti," akasema, wakacheka tena. Kisha kimya. Kisha vigelegele: kikombe cha Edo Halimo kimepita, kijani. Wakapima na kibovu, kikalia panapostahili. Mkataba ukasalimika. Nililia pale nje, nusu kwa furaha, nusu kwa hasira kwamba furaha yenyewe naipata nimekaa na ngamia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Hafsa amelala begani kwake, ovaroli bado anayo. Nilingoja anitukane. Hakunitukana mpaka karibu na mlango.

"Shati nimekusamehe," akasema. "Hata kelele nimekusamehe. Lakini ulikuwa umesimama pale mlangoni nilipoulizwa habari ya tanuri?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ulinisikia naapa?"

"Nilikusikia."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akafungua mlango, akamlaza mtoto. Kwa hilo sina mzaha wala mabano. Mwanamume aliapa kwa jina la Mungu mbele ya watu, akaonekana mwongo, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na neno la kumwokoa, nikalimumunya kwanza kama pipi kwa sababu mwanamke mwingine alikuwa amemkunjia uso.

Nikachemsha chai. Nikampelekea ikiwa ya moto kweli. Akanywa, akasema, "Daktari ametoa amri. Kuanzia sasa tanuri halilindwi na mtu mmoja. Tuwe wawili tangu kuwasha mpaka lipoe, ili siku nyingine likitokea jambo kila mmoja awe na shahidi."

"Wawili nani na nani?"

"Mimi na Hodan. Nani mwingine?"

"Kwani zamani mlikuwa vipi?"

Akanitazama kama mtu anayetazama kitu kilichotolewa tanurini kabla ya wakati. "Kwa zamu, Mama Hafsa. Akiingia yeye, natoka mimi. Ndiyo maana tulikuwa tunapigiana simu. Kuonana kwenyewe kulikuwa mlangoni tu."

Basi hapo ndipo nilipo. Mnaosoma haya na mna wivu, sitawaambia muache, mimi mwenyewe sijaacha na hivi ninavyoandika wamo wawili mle maabara wanangoja unga upoe, tena kwa amri, tena kwa ajili yangu. Ninachoapa ni hiki: nikiwa na la kumuuliza mume wangu nitamuuliza kwa mdomo, nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, na akinijibu nitakubali jibu lake siku hiyohiyo. Na nikijua neno la kumtetea, nitalisema kabla hajafika kwenye kuapa.